Chuma huzuiwa na chuma: Hatari iliyojificha kwenye mabenchi ya mazoezi Lubumbashi

Vijana wengi wa Lubumbashi wanajenga miili yao kwa vyuma vilivyochomelewa mtaani. Ajali zilizoua wanyanyuaji wenye uzoefu katika nchi nyingine zinaonyesha kwamba nguvu peke yake haitoshi, na kwamba kinga muhimu kuliko zote inaweza kutengenezwa na fundi wa jirani.

Ukitoka katikati ya Lubumbashi kwa barabara ya Kasenga, ile inayobeba jina la mji wa wavuvi ulio kando ya mto Luapula, mpakani na Zambia, huendi mbali kabla ya kusikia mashine ya kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda na mbabula za kupikia hutoka kwenye karakana ndogo za kando ya njia. Humo humo ndimo vinamozaliwa vifaa vya jimu nyingi za mitaani.

Jimu yenyewe mara nyingi ni uwanja wa nyuma ya nyumba wenye paa la bati. Kuna benchi la chuma lililofunikwa kipande cha godoro. Kuna mtaimbo, yaani fito refu la kubebea uzito, uliokatwa kutoka kwenye bomba la maji au ekseli ya gari. Sahani za uzito ni gia kuukuu, magurudumu ya mashine, au makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Seti kamili kutoka nje ya nchi hugharimu mamia ya dola, na si kila kijana anazo. Lakini huu ni mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, na kwa zaidi ya karne moja watu wake wameishi kwa kuyeyusha, kukata na kuunganisha metali. Kukosa duka la vifaa vya michezo hakujawahi kumzuia mtu kufanya mazoezi.

Sababu za kunyanyua vyuma ni nyingi. Wapo wanaotafuta afya, wapo wanaotaka mwili wa kupendeza, na wapo wanaotafuta kazi. Mlinzi wa baa, wa duka au wa mtu mashuhuri huangaliwa kifua kabla ya kuulizwa cheti. Kinshasa wanaume hao wa misuli huitwa pomba, na jina hilo limefika mbali kuliko Kinshasa.

Tatizo halipo kwenye ubunifu wa fundi. Tatizo ni kitu kimoja ambacho mabenchi mengi ya mtaani hayana. Nguzo mbili za benchi hushika mtaimbo kabla ya zoezi na baada ya zoezi. Katikati ya hapo, mtaimbo ukiwa juu ya kifua au shingo, hakuna kinachoushika isipokuwa mikono ya mtu aliyechoka.

Kila aliyewahi kufanya kazi mgodini au kwenye karakana yenye winchi anaijua kanuni ya kwanza: usipite chini ya mzigo unaoning'inia. Kwenye jimu, mtu hulala chini ya mzigo huo kwa hiari yake, tena jioni, baada ya kazi, mwili ukiwa umechoka.

Walikuwa na uzoefu, na bado walikufa

Wengi hudhani ajali za vyuma huwapata wageni wa jimu tu. Matukio ya miaka ya karibuni yanasema vingine.

Julai 2023, Justyn Vicky, mkufunzi wa mazoezi wa Indonesia aliyekuwa na wafuasi wengi mtandaoni, alikuwa kwenye jimu moja kisiwani Bali. Alikuwa na umri wa miaka 33. Alijaribu kuchuchumaa na kusimama akiwa na kilo 210 mabegani. Aliweza kushuka, lakini hakuweza kuinuka. Mtaimbo ulimbonyeza shingo kwa nyuma, akafa. Picha za video zilizosambaa baadaye zilionyesha kwamba hakuwa peke yake: nyuma yake alisimama mtu wa kumsaidia, naye akapoteza mizani pamoja naye.

Februari 2025, katika mji wa Bikaner nchini India, binti wa miaka 17 aliyekuwa tayari ameshinda medali ya dhahabu katika mashindano ya vijana alikuwa mazoezini na kilo 270 mabegani. Mtaimbo uliteleza ukamwangukia shingoni. Mkufunzi wake alikuwa amesimama papo hapo.

Mwaka 2017, mjini Brisbane nchini Australia, mvulana wa miaka 15 alikutwa amenaswa chini ya mtaimbo wa karibu kilo 100 kwenye benchi. Alikuwa akifanya zoezi la kusukuma chuma akiwa amelala chali, na hakukuwa na mtu pembeni yake. Alifariki hospitalini siku chache baadaye.

Tukiziweka ajali hizi tatu pamoja, tunapata somo ambalo halisemwi mara nyingi. Kuwa peke yako ni hatari. Lakini hata kuwa na mwenzako mmoja hakutoshi mzigo ukiwa mkubwa. Binadamu mmoja aliyesimama nyuma hawezi kudaka kilo 200 zinazoanguka. Chuma huzuiwa na chuma.

Linganisha na tukio la Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012. Mjerumani Matthias Steiner, bingwa wa Olimpiki wa Beijing 2008, alikuwa akiinua kilo 196 juu ya kichwa. Mikono ililegea, akaanguka mbele, na mtaimbo ukamgonga shingoni mbele ya macho ya dunia. Hakuendelea na shindano, lakini aliinuka na kutoka jukwaani kwa miguu yake.

Bahati ilikuwa na sehemu yake. Lakini vifaa vya mashindano navyo vina siri ambayo watu wachache huiona. Sahani kubwa za Olimpiki zina kipenyo cha sentimita 45, na zimefunikwa mpira. Zinapofika sakafuni, katikati ya mtaimbo hubaki juu kwa zaidi ya sentimita 22. Mtu aliyelala chini yake ana nafasi, hata kama ni ndogo. Sahani zenyewe hugeuka kuwa kizuizi.

Gia ya gari haina ukubwa huo. Sahani yenye kipenyo cha sentimita 25 huacha mtaimbo ukiwa juu ya sakafu kwa sentimita 12 tu, na kichwa cha mtu mzima ni kinene kuliko hapo. Ndiyo maana kilo 80 za gia zinaweza kuwa na hatari ambayo kilo 80 za mashindano hazina, ingawa mizani inasoma sawa.

Vinavyoanguka ndivyo vinavyoumiza

Nchini Marekani, watafiti wa hospitali ya watoto ya Columbus, jimbo la Ohio, walichunguza majeraha ya kunyanyua uzito yaliyotibiwa katika vyumba vya dharura kuanzia mwaka 1990 hadi 2007. Walikadiria kuwa majeraha hayo yalizidi 970,000 nchini kote. Zaidi ya watu 8 katika kila 10 walioumia walikuwa wanaume. Majeraha 9 katika kila 10 yalitokana na vyuma huru, yaani mitaimbo na vyuma vya mkononi, si mashine zenye nyaya na reli.

Na jinsi watu walivyoumia? Karibu theluthi mbili ya majeraha yalitokea kwa sababu uzito ulimwangukia mtu. Mgongo uliovutwa na bega lililochanika huzungumzwa sana, lakini chanzo kikubwa cha safari za hospitali kilikuwa chuma kilichoachiwa au kilichoteleza. Vidole vya miguu, vidole vya mikono, kifua na uso ndivyo hupokea.

Ushauri wa kwanza basi ni rahisi. Usinyanyue chuma ukiwa na kandambili. Kiatu cha kufunika vidole hakizuii kilo 50, lakini hupunguza jeraha la sahani ndogo na humpa mtu msimamo. Usiache sahani zimetapakaa sakafuni, kwa maana anayejikwaa akiwa na mzigo hana mkono wa kujishikilia.

Kukagua chuma cha mtaani

Kifaa cha kutengenezwa mtaani hakihitaji kutupwa. Kinahitaji kukaguliwa, na ukaguzi hauhitaji mhandisi.

Anza na uzito wenyewe. Makopo mawili ya rangi yaliyojazwa saruji kwa macho hayalingani kamwe. Tofauti ya kilo 3 au 4 kati ya upande wa kulia na wa kushoto huupindisha mwili wa anayenyanyua, na mtaimbo huanza kuegemea upande mmoja pale anapochoka. Mizani ya sokoni inayopima unga na mahindi inaweza kupima sahani zote kwa asubuhi moja. Andika kilo kwa rangi juu ya kila moja.

Kisha tazama mtaimbo. Bomba la maji lina uwazi ndani. Likibeba mzigo mkubwa hupinda, na likishapinda huzunguka mkononi lenyewe. Mtaimbo wa mashindano ya wanaume ni chuma kilichojaa, una unene wa milimita 28, na peke yake una kilo 20. Ekseli nzima ya gari huhimili zaidi kuliko bomba, lakini ikiwa nene mno kidole gumba hakifungi, na mtego unakuwa dhaifu. Viringisha mtaimbo juu ya sakafu iliyonyooka: ukirukaruka, umepinda.

Chunguza viungo vilivyochomelewa. Ufa mwembamba kama unywele, au kutu inayotoka kwenye mstari wa kuchomelea, ni dalili kwamba kiungo kinaachia. Msimu wa mvua wa Katanga huleta unyevu wa miezi kadhaa, na benchi linalolala nje huliwa na kutu upande wa chini usioonekana. Ligeuze benchi. Saruji nayo hupasuka, na kipande kikidondoka kutoka upande mmoja, upande wa pili huvuta mtaimbo mzima.

Kuna kosa jingine la kila siku ambalo halihusiani na fundi: kutoa sahani zote za upande mmoja wakati mtaimbo bado uko kwenye nguzo. Upande uliobaki na mzigo hushuka, upande mtupu hurukia uso wa aliyesimama karibu. Toa sahani moja huku, kisha moja kule.

Vizuizi viwili, kazi ya mchomeleaji

Kwenye jimu za kisasa, benchi na fremu ya kuchuchumaa huwa na vyuma viwili vya kulala, kimoja kila upande, vinavyopita chini ya njia ya mtaimbo. Mikono ikishindwa, mtaimbo hutua juu yake, si juu ya mtu. Wafaransa na Waingereza wana majina yao ya vyuma hivi. Kwa Kiswahili tuviite vizuizi, maana ndiyo kazi yake.

Anayechomelea geti la gari anaweza kutengeneza vizuizi. Kinachotakiwa ni nguzo nzito zenye msingi mpana usiopinduka, na vyuma viwili vya kulala vinavyofika mbele vya kutosha ili mtaimbo usivipite. Nguzo zikitobolewa matundu kila baada ya sentimita chache, urefu unaweza kubadilishwa kulingana na mwili wa kila mtu.

Urefu ndiyo siri yenyewe. Mtu alale kwenye benchi, apanue kifua kama anavyofanya akinyanyua, na aweke mtaimbo mtupu juu ya kifua. Vizuizi viwe chini ya hapo kwa upana wa kidole kimoja au viwili. Kisha alegeze mgongo alale bapa: sasa mtaimbo lazima ukae juu ya vizuizi, huku koo na uso vikiwa salama chini yake. Kama bado unagusa koo, viko chini mno.

Kabla ya mtu yeyote kulala hapo, vizuizi vijaribiwe bila mtu. Pakia mtaimbo uzito unaozidi ule mkubwa kabisa unaonyanyuliwa kwenye jimu hiyo, uuache juu ya vizuizi usiku kucha, kisha uangalie kama kuna kilichopinda au kupasuka. Fundi mzuri hataudhika kwa jaribio hilo. Geti lake pia hujaribiwa kwa kufungwa na kufunguliwa.

Mwenzako anasimama wapi?

Vizuizi havifuti haja ya mwenzako. Kwenye zoezi la kulala chali, msaidizi husimama kichwani, mikono yake ikiwa karibu na mtaimbo lakini bila kuugusa. Kabla ya kuanza, wawili hao hukubaliana mambo matatu: ni mara ngapi mtaimbo utainuliwa, neno gani litamaanisha "shika", na kwamba mtaimbo ukishashikwa hauachiwi mpaka uwe kwenye nguzo. Simu inabaki mfukoni. Msaidizi anayerekodi video si msaidizi.

Kwenye zoezi la kuchuchumaa na mzigo mkubwa, mmoja wa nyuma hatoshi. Wawe wawili, mmoja kila mwisho wa mtaimbo, na washike kwa pamoja. Mmoja akiwahi, mzigo hupinda na kumwangukia mwenzake.

Na asiye na mtu? Asilale chini ya mtaimbo mzito bila vizuizi, hilo ndilo jibu. Akiamua kufanya zoezi la kulala kwa uzito mdogo, basi asifunge vibano vya mwisho wa mtaimbo, ili akishindwa aweze kuinamisha upande mmoja na sahani ziteleze chini. Na kidole gumba kizunguke mtaimbo siku zote. Wapo wanaoweka gumba upande mmoja na vidole vingine kwa sababu wanaona kifua kinafanya kazi vizuri zaidi. Kwa mtego huo mtaimbo umekaa juu ya kiganja tu, na jasho kidogo linatosha kuutelezesha mpaka kooni.

Usisahau umeme. Wakazi wa Lubumbashi wanajua taa inavyoweza kuzimika bila taarifa, na jioni ndiyo saa jimu hujaa. Giza likiingia mtaimbo ukiwa hewani, mtu haoni ndoano za nguzo ziko wapi. Taa ndogo ya betri juu ya benchi ni sehemu ya vifaa vya usalama kama vilivyo vizuizi.

Pumzi nayo ina sehemu yake. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada walipima shinikizo la damu ndani ya mshipa wa wajenga mwili wakati wakisukuma mzigo mzito kwa miguu huku wakibana pumzi. Wastani ulipanda hadi 320 kwa 250, wakati shinikizo la kawaida ni karibu 120 kwa 80. Likishuka ghafla baada ya hapo, kizunguzungu hufuata, na mtu anayeona giza akiwa na mtaimbo mkononi hana kinga nyingine zaidi ya vizuizi. Mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu amwone daktari kabla ya kugusa uzito mkubwa.

Ajali ikitokea

Dakika za kwanza ni za watu waliopo. Chuma kikiwa shingoni, kiinuliwe na watu wawili kwa pamoja, kila mmoja upande wake. Ubongo ukikosa hewa huanza kuharibika ndani ya dakika chache tu, hivyo kwanza angalia kama anapumua. Kama hapumui, anza mara moja kubonyeza kifua katikati kwa nguvu na kwa haraka, huku mwingine akitafuta gari.

Kama anapumua lakini shingo au mgongo umegongwa, asikalishwe, asivutwe kwa mikono, asipewe maji. Mtu mmoja apige magoti kichwani na ashike kichwa kisigeuke. Wengine walete ubao mpana au mlango, wamhamishe kama gogo moja, mwili wote kwa pamoja. Asipandishwe pikipiki katikati ya watu wawili. Uti wa mgongo ambao haujakatika kwenye benchi unaweza kukatika kwenye mashimo ya barabara. Gari inayomruhusu kulala ndiyo imfikishe hospitali kubwa kama Jason Sendwe, hata kama kuisubiri kunachukua muda zaidi.

Maswali kabla ya kulipa

Kwa anayetafuta jimu, ukubwa wa misuli ya mkufunzi haumwambii mengi. Maswali haya yanamwambia zaidi. Je, benchi lina vizuizi, na urefu wake unabadilika? Je, sahani zimepimwa na kuandikwa kilo? Je, kuna mtu anayeangalia ukumbi wakati wote, hasa watoto wa shule wakiwapo? Je, kuna taa umeme ukikatika? Je, kila mtu hapo anajua gari ya dharura itatoka wapi?

Mwenye jimu akikosa jibu la swali la kwanza, hilo si neno la kugombana. Karakana ya kuchomelea haiko mbali. Vyuma viwili vya kulala, nguzo nne, na siku moja ya kazi: fundi yule yule aliyelitengeneza benchi anaweza kulimaliza.